Ukulele Inayoumiza Vidole: Jinsi ya Kushusha Nyuzi Mwenyewe Nyumbani

Chukua kadi ya benki iliyokwisha muda wake. Tyuni ukulele yako (kigitaa kidogo cha nyuzi nne) kwanza, kila uzi kwenye sauti yake, G C E A, kisha ingiza kadi kati ya nyuzi na chuma cha kwanza cha shingoni, kile kilicho jirani na kichwa. Kadi ikipita kwa raha bila kugusa uzi wowote, tatizo limeshapatikana, na wala si vidole vyako. Kadi hiyo ina unene wa milimita 0.76. Nafasi inayotakiwa pale ni kama milimita 0.5.

Mpwa wangu aliletewa ukulele ya soprano, ile saizi ndogo, alipotimiza miaka 9. Wiki mbili alilala nayo. Wiki ya tatu ikawa juu ya kabati. Nilipomuuliza alinionyesha ncha za vidole: "Mjomba, kodi ya F inauma." (Kodi ya muziki, sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, si ya nyumba, ingawa na ile ya nyumba inauma.) Niliichukua nikaijaribu mwenyewe, mtu mzima mwenye vidole vilivyoota sugu za gitaa, na uzi wa E kwenye chuma kile cha kwanza ukanigomea. Nyumba nzima ilikuwa inamwambia avumilie, vidole vitazoea. Lakini nyuzi za ukulele ni za nailoni au jamii yake, hazina mkazo wa waya wa gitaa. Mtoto akilia kwa kuzibonyeza, mwenye kosa ni chombo.

Kazi nitakayoieleza ni ya mchana mmoja, tena mchana usio na haraka. Vifaa vyake ni vya duka la vifaa vya ujenzi. Sehemu yake ngumu ni kujua pa kuachia.

Majina ya vitu

Vyuma vilivyolala shingoni ni freti. Nyuzi zinapita juu ya vijiti viwili: kimoja juu, mpakani mwa kichwa na shingo, chenye mifereji minne, kingine chini, kilichochomekwa kwenye daraja lililogundishwa kifuani mwa chombo. Ukiagiza vijiti hivi mtandaoni utakuta vinaitwa nati (siyo ile ya boliti) na sadoli. Mimi naviita mfupa wa juu na mfupa wa chini, kwa sababu kwenye vyombo vizuri kweli ni mfupa wa ng'ombe. Kwenye ukulele ya mwanafunzi mara nyingi ni plastiki, na plastiki ni laini, kwa hiyo kazi yetu inakuwa nyepesi.

Kitu kingine cha kujua ni kwamba ukulele nyingi hazina ile fito ya chuma iliyomo ndani ya shingo ya gitaa, ya kunyooshea shingo kwa ufunguo. Asili yake ni kigitaa cha nyuzi nne kutoka kisiwa cha Madeira, kilichofika Honolulu mwaka 1879 kwa meli ya Ravenscrag. Mafundi watatu waliosafiri na meli hiyo, Manuel Nunes, José do Espírito Santo na Augusto Dias, walikuwa maseremala wa samani, na ndio walioanza kuziunda ukulele huko Hawaii. Mpaka leo ni kazi ya useremala mtupu: mbao, gundi na vijiti viwili. Vijiti hivyo viwili ndiyo nafasi yako yote ya kurekebisha.

Kwa nini nasisitiza mfupa wa juu

Karibu kila mtu anayeona nyuzi zimekaa juu hukimbilia kusaga mfupa wa chini. Nami nilianza hivyo hivyo. Lakini nenda uani kwenye kamba ya kuanikia nguo. Ibonyeze katikati: inashuka bila ubishi. Sasa ibonyeze sentimita mbili tu kutoka kwenye nguzo. Utatumia nguvu, na bado itashuka kidogo.

Freti ya kwanza ya ukulele ya soprano iko sentimita mbili hivi kutoka mfupa wa juu. Ile ya 12 iko katikati kabisa ya uzi. Kodi za mwanzo, C, F, G7, Am, zote zinapigwa kwenye freti tatu za kwanza, palepale karibu na nguzo. Nusu milimita iliyozidi kwenye mfupa wa juu inaumiza kuliko milimita nzima iliyozidi kwenye ule wa chini.

Na si maumivu tu. Uzi ulioinuka sana ukiubonyeza freti ya kwanza, unauvuta, na uzi uliovutwa hupanda sauti. Ndiyo maana unatyuni vizuri nyuzi wazi (zisizobonyezwa), programu ya simu inakuonyesha kijani kitupu, kisha unapiga F na inasikika kama redio iliyoachia stesheni. Mwanafunzi anadhani hana sikio.

Viwanda vinaacha mfupa huo juu kwa makusudi. Uzi ulio juu haukwaruzi freti, na chombo kisichokwaruza hakirudishwi dukani. Anayetakiwa kumalizia ni muuzaji, na kwenye vyombo vya bei ya chini muuzaji hana muda huo.

Kabla hujashika msasa

Kuna magonjwa matatu yanayofanana na nyuzi kuwa juu, na ukiyatibu kwa msasa utaharibu zaidi.

La kwanza ni daraja lililoachia. Chukua karatasi, jaribu kuiingiza chini ya ukingo wa nyuma wa daraja, upande unaotazama kitako cha chombo. Ikiingia, gundi imeanza kuachia na nyuzi zinalivuta daraja zima. Legeza nyuzi leo hii, upeleke kwa fundi akagundishe upya. Ugonjwa huu unawapata sana walioacha ukulele kwenye gari lililoegeshwa juani.

La pili ni kifua kuvimba. Laza rula kwa kupingisha nyuma ya daraja uangalie mwanga chini yake. Kifua kuinuka kidogo ni kawaida, lakini kikiwa na mgongo kama wa kobe, chombo kimekunywa unyevu au mbao za ndani zimeachia.

La tatu ni shingo kupinda. Bonyeza uzi wa C kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwenye freti ya 12 kwa mkono mwingine. Sasa uzi wenyewe ni rula iliyonyooka. Tazama katikati, freti ya 6 au ya 7. Pakiwa na nafasi ya karatasi moja au mbili, shingo ni nzima. Ikiingia kadi ya benki, shingo imekunjika kama upinde. Kama bado una risiti, rudisha chombo dukani.

Vifaa

Huna haja ya tupa maalumu za mafundi magitaa. Seti yake inaweza kuzidi bei ya ukulele yenyewe. Tafuta hivi:

- Seti ya sindano za kuzibulia ncha za tochi ya gesi, wanazotumia mafundi wa kuchomelea. Ni sindano zenye meno madogo, unene tofautitofauti, zimekunjwa pamoja kama kisu cha mfukoni. Hizi ndizo tupa zetu za mifereji.
- Biti za drili za milimita 2, 2.5, 3 na 3.5. Hatutatoboa kitu. Ni vipimo.
- Msasa namba 120, 240 na 400.
- Kigae kimoja cha sakafu kilichobaki kwenye ujenzi, au kipande cha kioo kinene.
- Karatasi za fotokopi za gramu 80. Rimu ya karatasi 500 ina kimo cha kama sentimita 5, kwa hiyo karatasi moja ni milimita 0.1.
- Selotepu ya karatasi ya mafundi rangi, penseli laini, wembe, plaizi ndogo, kitambaa.
- Kadi ile ile ya benki. Usiitupe, ina kazi nyingine mbele.

Rula ya shule achana nayo. Iangalie vizuri: sifuri yake haianzii pembeni, kuna upenyo wa milimita kadhaa kabla ya mstari wa kwanza. Ukipima kimo cha uzi kwa rula hiyo utapata jibu la uongo, na utasaga kwa kufuata uongo huo.

Pima, andika

Tyuni hadi kwenye sauti yake. Kipimo cha nyuzi zilizolegea hakina maana. Shika chombo kama unavyokipiga, usikilaze mgongo.

Kwenye freti ya 12, penyeza kiuno laini cha biti (siyo upande wenye meno) kati ya juu ya freti na chini ya uzi. Biti ya 2.5 ikipita kwa kugusa uzi kidogo tu, hapo ndipo tunapotaka kufika. Kati ya milimita 2.3 na 2.8 ni pazuri kwa soprano na konseti (saizi inayoizidi soprano kidogo). Anayechapa nyuzi kwa nguvu abaki karibu na 3. Ikipita biti ya 3.5 na nafasi inabaki, kuna kazi ya kufanya. Pima upande wa G na upande wa A, maana si ajabu vikatofautiana.

Kwenye freti ya kwanza, panga karatasi moja moja mpaka zianze kugusa uzi. Tano, sawa. Nane, tisa, kumi, ndiyo ugonjwa wenyewe. Andika kila uzi na namba yake. Ya mpwa wangu ilisomeka: G 9, C 10, E 10, A 8. Freti ya 12: milimita 3.6.

Mfupa wa juu

Funika kwa selotepu sehemu ya kichwa iliyo nyuma ya mfupa na sehemu ya shingo hadi freti ya kwanza. Sindano ikiteleza, ikwangue selotepu, isikwangue vanishi.

Anza na uzi wa E, kwa sababu ndio unaoumiza kwenye F, na pia mfereji wake uko katikati, hauwezi kuuvunja ukingo wa mfupa. Legeza uzi huo peke yake, uutoe kwenye mfereji, uuegeshe pembeni. Nyuzi nyingine tatu ziache zimekaza ili shingo ibaki katika hali yake ya kazi.

Chagua sindano yenye unene sawa na uzi au inayozidi kwa unywele. Zilaze pamoja juu ya karatasi nyeupe ulinganishe. Sindano nyembamba kuliko uzi itachimba mfereji unaoubana uzi, na kila ukityuni utasikia "tik" na sauti kuruka.

Sasa mwelekeo. Usisage kwa kulala sawa na shingo. Mkono wako uinamie upande wa kichwa, ili mfereji uteremke kuelekea kwenye funguo za kukazia. Sehemu ya juu kabisa ya mfereji lazima iwe ukingo unaotazama freti, kwa sababu hapo ndipo uzi unapoanzia kuhesabiwa urefu wake. Ukiinamisha kinyume, uzi utaanzia nyuma ya mfupa, utatoa mlio wa nzi aliyenaswa chupani, na hautatyunika sawasawa milele.

Sukuma mara tano, mikwaruzo mifupi na myepesi. Mara tano tu. Puliza vumbi, rudisha uzi, kaza mpaka E, pima. Najua inachosha kulegeza na kukaza kila mara. Lakini plastiki ya mfupa huo inalika upesi ajabu, na kati ya "bado kidogo" na "imeshazidi" kuna kama mikwaruzo minane.

Kipimo cha pa kuachia ni hiki, na ndicho nilichokuja kukuandikia. Bonyeza uzi katikati ya freti ya 2 na ya 3, ili ulale juu ya freti ya 2. Inamisha kichwa utazame juu ya freti ya kwanza, ukiwa na mwanga nyuma yake. Uzi usiguse freti. Ubaki mwanya kama wa karatasi moja, hata chini ya hapo kidogo. Kisha ugonge uzi kwa ukucha palepale juu ya freti ya kwanza. Usikie "tik" ndogo, ya uzi kugusa chuma na kurudi. Ukisikia hiyo tik, acha. Kama mwanya ni wa karatasi mbili au tatu, rudia mara tano nyingine. Kama hakuna tik kabisa, uzi umeshalala juu ya chuma, umepita, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya kuziba hapa chini.

Thibitisha kwa simu. Kaza uzi wazi hadi sindano ya programu isimame katikati, kisha bonyeza freti ya kwanza kwa nguvu ya kawaida. E inatakiwa kuwa F. Programu nyingi zinaonyesha senti, na nusutoni moja (hatua ya freti moja) ina senti 100. Kabla ya kazi, F ya mpwa wangu ilikuwa imepanda senti 22. Nilipofika kwenye karatasi tano na nusu ilibaki senti 6, na sikio langu halikulalamika tena.

Fanya hivyo hivyo C, kisha G na A. Hizi mbili za pembeni zishughulikie kwa mkono mwepesi. Ukimaliza, chora ndani ya kila mfereji kwa penseli laini: risasi yake ni grisi kavu, uzi utateleza bila kukwama.

Kuna njia ya pili kwa asiyepata sindano: kutoa mfupa wote na kuusaga chini. Kata vanishi inayouzunguka kwa wembe, weka kipande cha mbao ubavuni mwake, gonga taratibu kwa kupingisha shingo mpaka uachie. Nyingi zimeshikwa na gundi kiduchu. Unasaga tako lake juu ya msasa, unarudisha, unapima. Shida yake ni kwamba unashusha nyuzi zote nne kwa pamoja, hivyo ile iliyo chini zaidi ndiyo itakayoamua pa kusimama. Kwa mpwa wangu ingekuwa A, na C na E zingebaki juu kidogo. Bado ni afueni kubwa kuliko kuacha.

Ukizidisha

Ukulele ya pili niliyoishika, ya jirani, niliusaga mfereji wa G huku nikiongea na simu. Nilipoupiga uzi wazi ukawa unakwaruza freti ya kwanza, na mwenyewe alikuwa sebuleni anasubiri.

Dawa yake ni supa gluu na magadi soda, ule unga mweupe wa kuweka kwenye mandazi. Toa uzi, zungushia selotepu pande zote. Kwa ncha ya kijiti cha meno jaza unga kwenye mfereji na uushindilie kidogo. Dondosha tone moja dogo la gluu. Litafyonzwa na kuganda hapohapo, tena linatoa joto na mvuke unaochoma macho, kwa hiyo fungua madirisha na usisogeze uso. Baada ya dakika chache lina ugumu wa kutosha kuchimbwa upya. Safari hii simu iweke chumba kingine.

Mfupa wa chini

Baada ya mfupa wa juu, pima tena freti ya 12. Itakuwa imeshuka yenyewe, kwa kuwa kila unachotoa juu kinapunguza nusu yake pale katikati. Nilishusha mfupa wa juu kwa kama 0.4, na 3.6 ikawa 3.4.

Hesabu ni ile ile kwa upande wa chini: ukitaka freti ya 12 ishuke kiasi fulani, mfupa wa chini utoe mara mbili yake. Nilitaka 2.6. Kutoka 3.4 ni tofauti ya 0.8, kwa hiyo natakiwa kutoa 1.6. Kabla ya kukubali hesabu hiyo, angalia mfupa umechomoza kiasi gani juu ya daraja. Baada ya kusaga unatakiwa ubaki umechomoza angalau milimita 1.5, la sivyo nyuzi hazitaukandamiza vya kutosha na sauti itakuwa dhaifu. Wangu ulikuwa umechomoza 3.5, nafasi ipo.

Kama mfupa na daraja vimefinyangwa pamoja kipande kimoja cha plastiki, ishia hapa. Umeshafanya sehemu iliyo muhimu.

Piga picha ya jinsi nyuzi zilivyofungwa darajani. Fanya hivyo hata kama unaamini utakumbuka. Kisha legeza zote, uzitoe upande wa chini. Andika kwa penseli "G" kwenye mfupa upande wa uzi wa G, kwa maana ukiugeuza hautakaa sawa. Uzungushie kitambaa, uushike kwa plaizi, uvute juu wima. Usipotoka, pitisha wembe kandokando na ujaribu tena. Usiutikise kwa kupinda, utapasua kingo za daraja.

Chora mstari kwa penseli, milimita 1.6 kutoka chini, pande zote mbili. Unasaga chini, siyo juu. Juu pamechongwa mviringo kwa ajili ya nyuzi. Chini hapaoni mtu.

Bandika msasa wa 120 juu ya kigae. Na hapa ndipo wengi wanapoharibu: mkono unayumba, na tako la mfupa linakuwa la mviringo kama chini ya mtumbwi. Mfupa wa namna hiyo unakaa darajani kwa mstari mmoja tu na kula sauti. Tafuta kipande cha mbao chenye kona sahihi, kisimamishe juu ya msasa, egemeza mfupa kwake, na visukume vyote viwili pamoja. Pakaa tako lote penseli. Baada ya misukumo kumi geuza uangalie: penseli ikifutika upande mmoja tu, unaegemea huko, punguza. Ikifutika sawasawa, pakaa tena uendelee. Ukibakiza milimita 0.3 kufika mstarini hamia msasa wa 240, na umalizie kwa 400. Vaa barakoa, hasa kama ni mfupa halisi. Vumbi lake si la kuvuta, na harufu yake ni ya kinyozi wa mbuzi kama angekuwepo.

Mimi sikufika 1.6 mara ya kwanza. Nilisimama 1.2, nikafunga nyuzi, nikatyuni, nikapima: 2.8. Nikamwachia aipige siku mbili ndipo nikatoa 0.4 zilizobaki. Nyuzi zilizotolewa na kufungwa upya huendelea kulegea kwa siku kadhaa, hivyo kipimo cha saa ya kwanza usikiamini sana.

Ukiwa umezidisha, kata ukanda mwembamba wa ile kadi ya benki, sawa na upana wa tako la mfupa, uweke chini yake darajani. Unapandisha mfupa 0.76, na freti ya 12 inapanda 0.38. Kibanzi cha mbao ngumu kutoka kwa seremala, mninga au mpingo, kinapitisha sauti vizuri zaidi, lakini kadi inafanya kazi.

Ikianza kukwaruza

Sikiliza inakwaruzia wapi kabla ya kulaumu kazi yako. Uzi wazi peke yake ukikwaruza, na ukiubonyeza popote unanyamaza, mfereji wa juu umezidi. Ikikwaruza kila mahali kuanzia freti ya 5 kwenda mbele, mfupa wa chini umeshuka mno. Ikikwaruza freti moja tu, kwa mfano ya 4, basi ya 5 imeinuka: simamisha ukingo mnyoofu wa kadi juu ya freti tatu, 4, 5 na 6, ukitikisika kama meza yenye mguu mfupi, freti ya katikati ndiyo mhalifu. Wakati mwingine ni freti iliyonyanyuka tu. Weka kipande cha mbao juu yake na ugonge mara moja kwa nyundo ndogo.

Na kuna mkwaruzo usio wa nyuzi. Nimewahi kutumia jioni nzima nikisaka mlio uliokuja kwa uzi wa A pekee, nikapima kila kitu upya mara tatu. Ilikuwa ncha ya uzi niliyoikata ndefu darajani, inagusa kifua cha chombo. Angalia na skrubu za funguo pia.

Masika na kiangazi

Mbao hunywa hewa. Anayeishi Tanga, Unguja au Mombasa, ukulele yake ya masika na ya kiangazi si moja: unyevu ukizidi kifua huvimba, daraja huinuka na nyuzi nazo. Ukiihamishia Dodoma mwezi Agosti, kifua kinarudi chini na nyuzi zinaanza kukwaruza kwenye kimo kile kile ulichokuwa unajivunia. Kwa hiyo usifanye kazi hii wiki chombo kilipotoka safari. Kipe siku kumi kizoee nyumba, kikae kwenye mfuko wake, mbali na dirisha na mbali na feni.

Mifupa ya chini ya plastiki huuzwa bei ndogo, na nilipoagiza niliagiza miwili. Mmoja nimeusaga ukiwa umezidi mwenzake kwa milimita 0.6, nimeuandika "kiangazi", na unakaa ndani ya mfuko wa ukulele pamoja na karatasi ya vipimo. Mpwa wangu sasa anaubadilisha mwenyewe, ingawa uzi wa C bado ananiletea nimfungie.